Bango Lililopitwa na Siku Yake

Katika vitu vyote ambavyo mkono wa mwanadamu huvitengeneza kwa karatasi, tangu hati ya ndoa hata tikiti ya basi, sidhani kama kipo kinachokuja duniani na siku ya kufa kwake imeandikwa usoni waziwazi kama bango la sinema. Maana kitabu huandikwa kwa tamaa ya kudumu, na barua huenda ikatunzwa mpaka uzeeni na yule mmoja iliyemwendea, lakini bango hutundikwa kwa ajili ya Jumamosi saa tatu usiku, na kunapopambazuka Jumapili, watazamaji wakiwa wamekwisha kurudi makwao, haja yake imekwisha, ahadi yake imetimia au imevunjika, na aliyelitundika hana dhima nalo tena. Ajabu ni kwamba yuko mtu ajaye asubuhi hiyo na ncha ya kisu, akalibandua taratibu asilipasue, akalikunja kwa kufuata mikunjo yake ya asili, akaliweka sandukuni, na miaka arobaini baadaye bado analo. Mtu huyo anafanya nini? Je, ni katika wale ambao manabii na wenye hikima wa kila zama wamewakanya, wanaorundika mali ambayo mwisho wake ni mdudu na vumbi, au ametenda jambo jema ambalo halijapata jina zuri? Hilo ndilo swali langu, nami nalihesabu kuwa swali la dini kabla halijawa swali la sanaa, kwa sababu linahusu namna iliyo halali ya kupenda kitu kipitacho.

Naliuliza nikiwa Vwawa, ambako mtu angeweza kusema swali kama hili halina mahali pa kukaa. Mji huu, uliokuwa makao ya Wilaya ya Mbozi, na ambao tangu 2016, Mkoa wa Songwe ulipokatwa kutoka Mbeya, umekuwa makao makuu ya mkoa mzima, uko katika nyanda za juu zenye kahawa na baridi, juu ya barabara iendayo Tunduma na Zambia, kando ya reli ya TAZARA iliyofunguliwa 1976. Na yote yatokayo pwani hutufikia yakiwa yamechoka kwa safari. Sinema nayo ilitufikia hivyo hivyo. Fahari za majumba ya Unguja na Dar es Salaam tulizisikia kwa masimulizi, na sehemu kubwa ya filamu zilizotulea zilikuja kwa kanda za video, zikaonyeshwa katika vile vibanda ambavyo watu wa mitaani, kwa ukweli usio na adabu, waliviita vibanda umiza: chumba cha mbao au mabati, mabenchi yasiyo na egemeo, televisheni moja iliyowekwa juu asiifikie mtu, joto la pumzi za watu katika mji wa baridi, na sauti ya mfasiri kama Lufufu, ambaye alizitia filamu za Kichina na za Kimarekani Kiswahili chake mwenyewe, akaongeza pale alipoona mtungaji wa asili amepunguza. Mlangoni palikuwa na ubao wa chaki wenye majina ya picha za siku ile, na kando ya ubao, mwenye kibanda alipobahatika, palikuwa na bango lenyewe: Schwarzenegger wa Commando ya 1985 na silaha zake zote mwilini, au Bruce Lee na alama za makucha kifuani, au Amitabh Bachchan na Dharmendra wa Sholay ya 1975. Tuliyasoma mabango hayo kwa itikadi moja isiyohitaji fakihi, kwamba steringi hafi. Na kwa kuwa aliyechorwa mkubwa kuliko wote ndiye steringi, bango lilikwisha kutuambia mwisho wa kisa kabla hatujatoa kiingilio. Hatukuona kwamba tumeibiwa kitu. Tulichokwenda kununua hakikuwa habari ya mwisho wake.

Yalikokwenda mabango hayo baadaye ni jambo la kulitazama kwa makini, kwa sababu mkusanyaji wa leo hupenda kusema kwamba yalipotea kwa uzembe, na neno hilo ni dhuluma. Mengine yalikufa kwa mvua, ambayo huku kwetu huanza Novemba na huchelewa kuondoka, na mengine yaliliwa na mchwa. Lakini mengi, ninavyokumbuka, yaliuawa na matumizi: yalibandikwa ndani ya nyumba za tope kuzuia vumbi la ukuta, yalifungia karanga, na yale mazito yenye kung'aa yalijalidi madaftari ya shule, hata mtoto akafanya hisabati zake za kugawanya chini ya uso wa mtu mwenye bunduki ya rashasha. Karatasi iliyolinda daftari la mtoto mwaka mzima lisichanike imefanya kazi bora kuliko ile ambayo wachapaji wake wa Bombay au Hong Kong waliikusudia. Basi anayesema ameokoa bango hana budi kwanza aeleze ameliokoa na nini. Na kama ameliokoa na daftari, hoja yake inahitaji nguvu kidogo zaidi.

Pwani mambo yalikuwa na ukubwa mwingine. Unguja palifunguliwa 1921 jumba la Royal, lililosanifiwa na John Sinclair, yule yule aliyeupa mji sura ya majengo yake mengi ya serikali, na lilipoungua likajengwa upya na kufunguliwa 1955 kwa jina la Majestic; Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Avalon, Empress, Odeon na mengineyo, kisha 1966 ikapata uwanja wa kutazamia sinema mtu akiwa ndani ya gari lake, mahali ambapo leo umesimama ubalozi wa Marekani. Katika majumba hayo bango lilifuata makopo ya filamu: lilikuja nayo, na aghalabu likaondoka nayo kwenda mji mwingine, limekunjwa mara kadhaa lipate kuenea bahashani, ndiyo sababu bango la kweli la zama zile halikosi alama za mikunjo. Awaara ya 1951, iliyowatoa machozi watu wa mwambao kwa ajili ya Raj Kapoor na Nargis, ilipendwa kwa miaka mingi, na watu waliijua kwa uso wake wa ukutani kabla hawajaijua kwa nyimbo zake. Kisha uagizaji wa filamu ukawekwa chini ya Tanzania Film Company, iliyoundwa 1968. Kisha zikaja video za majumbani. Kisha televisheni ya ITV ikaanza kurusha matangazo bara 1994. Na majumba yakafungwa moja baada ya jingine, yakawa maghala, maduka na magofu. Sina haja ya kuyalilia hapa, kwa kuwa yamekwisha kuliliwa na wengi.

Mabango ya Bombay yana ushahidi wa ajabu katika shauri letu. M. F. Husain, aliyezaliwa 1915 katika nyumba ya Kiislamu, na ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa wachoraji wakuu wa India, alianza kutafuta riziki kwa kuchora mbao kubwa za matangazo ya sinema, akipanda juu kupaka rangi nyuso za waigizaji zilizowashinda watu wazima kwa kimo. Na nyuso hizo, ambazo mji mzima ulipita chini yake, hakuna aliyezilalamikia na hakuna aliyezihifadhi, kwa kuwa mbao zilipakwa upya kila filamu mpya ilipoingia. Alipozeeka, michoro yake ya miungu wa kike wa Kihindu iliwaudhi waumini wengi, mashitaka yakamwandama, akahama nchi yake 2006, akachukua uraia wa Qatar 2010, na mwaka uliofuata akafia London. Mkono ulikuwa mmoja. Ikiwa uso wa mwigizaji uliofunika ukuta mzima haukumkera mtu, na mchoro mdogo wa mungu wa kike ukamfukuza mchoraji katika nchi aliyozaliwa, yatupasa kuuliza ni kitu gani hasa ambacho dini hukiogopa katika picha, maana ni dhahiri kwamba haiogopi ukubwa wake wala wingi wa wanaoitazama.

Waislamu wanayo mafundisho, yaliyopokewa kwa sanadi madhubuti, kwamba malaika hawaingii nyumba yenye taswira. Mayahudi na Wakristo wanayo amri iliyoshuka mlimani dhidi ya sanamu za kuchonga. Wako wanaoyachukua maneno hayo kwa upana wake wote, na mbele yao mkusanyaji hana la kujitetea isipokuwa kunyamaza na kufunga sanduku, nami siwacheki. Lakini wako wengine waliofikiri kwa taratibu. Yohana wa Dameski, katika karne ya 8, aliyeandika utetezi wa picha takatifu akiwa salama chini ya himaya ya makhalifa, wakati ambapo mfalme wa Rumi, Mkristo mwenzake, aliziamuru ziondolewe, alitenga heshima na ibada, na mtaguso wa Nikea wa mwaka 787 ukaipokea tafauti hiyo. Muhammad Abduh, mufti wa Misri aliyefariki 1905, alipozuru Sicily na kuona jinsi watu wa huko wanavyotunza picha za kale, aliandika kwamba katazo lilikuja katika zama za masanamu yaliyoabudiwa, na kwamba pale ambapo hatari hiyo haipo na faida ya elimu iko wazi, kuhifadhi picha ni kuhifadhi maarifa ya hali za watu. Na hapa petu Mbozi, ambako Wamoraviani walijenga misheni yao 1899, si vibaya kukumbuka kwamba askofu wa mwisho wa ile jumuiya yao ya kale, yule ambaye ulimwengu humwita Comenius, alitoa 1658 kitabu cha kuwafundishia watoto majina ya vitu kwa picha. Hata watu waliopenda kanisa lenye kuta tupu walimrithi mzee aliyeamini kwamba akili ya mtoto huingiwa kwa kupitia jichoni.

Mimi nasogea hatua moja kutoka kwa hao, nikidai kwamba sanamu ya kuabudiwa ni picha inayodai. Inadai sadaka, inadai hofu, inadai mtu asimame mbele yake na kutoa. Ikiacha kudai, limebaki jiwe au imebaki rangi. Kwa kipimo hiki bango la sinema katika wiki yake ni ndugu wa karibu wa sanamu, kwa kuwa kila msitari wake umechorwa udai: njoo, lipa, keti. Ahadi zake zina ukubwa wa ahadi za miungu, kisasi kisicho na hukumu, mahaba yasiyo na uzee, risasi elfu zisizomgusa mwenye haki. Na wazee wa hapa waliowakataza watoto wao kwenda vibandani, ambao tuliwaona wakali na washamba, huenda hawakuwa na kosa lolote isipokuwa kwamba walilitambua hekalu walipoliona. Lakini kunapopambazuka Jumapili bango hupoteza jambo ambalo sanamu ya hekaluni haipotezi mpaka taifa zima life: hupoteza madai yake. Haliwezi tena kumwomba mtu senti, maana kinachotangazwa hakipo. Uso ni ule ule, bunduki ni ile ile, ila sauti iliyokuwa ikidai imenyamaza. Na picha iliyonyamaza hivyo ndiyo, kwa kadiri nijuavyo, picha ambayo mtu anaweza kuitazama muda mrefu akabaki huru.

Hapo ndipo hata uongo wake unapoanza kuwa na faida. Kila aliyekaa kibandani anajua kwamba bango huongopa: helikopta inayolipuka ukutani kwa ukubwa wa nyumba huonekana katika filamu kwa muda wa kupepesa jicho, na yule mwanamke aliyechorwa amemkumbatia steringi pengine huuawa kabla watazamaji hawajakaa sawasawa. Siku ya onyesho hiyo ni hadaa, na mtu ana haki ya kunung'unikia kiingilio chake. Miaka thelathini ikisha kupita, uongo ule ule umekuwa ushahidi mwaminifu juu ya kile ambacho watu wa wakati ule walitaka kuahidiwa, na sijui hati ya serikali wala gazeti lililoandika habari hiyo kwa unyofu kama karatasi hiyo ya kulaghai. Wachoraji wa Ghana walilifikisha jambo hili mwisho wake. Tangu miaka ya 1980 walipaka rangi ya mafuta juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, kwa ajili ya wenye video waliozunguka mijini na vijijini na jenereta zao, na mara nyingi walichora filamu ambazo hawakuziona, kwa kusimuliwa au kwa kutazama jalada la kanda, wakaongeza nyoka, damu na majini ambayo hayamo ndani yake kabisa. Watu wa Ulaya na Marekani, ambao sasa huyanunua magunia hayo kwa fedha nyingi, huyacheka kwanza ndipo wayapende. Mimi sioni sana cha kuchekwa. Kuchora usichokiona kwa ajili ya wengine wasiokiona, ukitegemea habari peke yake, ni kazi ambayo mahubiri ya Pepo na Jehanamu yamekuwa yakiifanya tangu mimbari ya kwanza, na msikilizaji mwenye busara hamwiti mhubiri mwongo kwa sababu hajafika.

Ila huingia pamoja na bei. Mwaka 2005 bango moja la Metropolis, filamu ya Kijerumani ya 1927, lililochorwa na Heinz Schulz-Neudamm, liliuzwa kwa dola 690,000, na sababu ya bei hiyo, ukiacha uzuri wake ambao siukatai, ni kwamba nakala zijulikanazo kuwa zimesalia zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Thamani hiyo haikutoka katika mchoro, kwa kuwa nakala zote zilikuwa na mchoro ule ule. Ilitoka katika kuungua, kuloa na kuchanika kwa zile nyingine, na mwenye kulimiliki hana budi, ijapokuwa hatamki, kutumaini kwamba hakuna dari la nyumba yoyote ya Ujerumani ambalo bado limeficha jingine. Mali ambayo mwenyewe huomba wenzake wasiipate ina ila katika asili yake. Na tazama yanayolipata bango lenyewe: picha iliyokuwa imenyamaza inaanza kudai upya, tena kwa ukali kuliko kwanza, maana zamani ilidai kiingilio cha mpita njia, na leo inadai sefu, bima, giza, hewa kavu na usingizi wa mwenye nyumba. Sanamu imefufuka, na safari hii hekalu lake halina hata watazamaji.

Si mbali na hapa, katika mteremko wa kilima cha Marengi, kipo kitu adimu cha namna nyingine: kimondo cha Mbozi, donge la chuma na nikeli lenye tani zipatazo 16, ambalo wenyeji walilijua tangu zamani na ulimwengu wa nje ukalijua 1930, na ambalo uadimu wake haukununuliwa kwa msiba wa wenzake. Hata hilo halikusalimika na wakusanyaji, kwa kuwa walikuja na misumeno wakakata vipande. Lakini lilikuwa zito mno kuchukuliwa lote, kwa hiyo lipo mpaka leo pale lilipoanguka, udongo umechimbwa kulizunguka, na yeyote mwenye miguu huenda akalitazama. Laiti mabango yangekuwa na uzito kidogo.

Siku hizi kuna mabango ya namna ya pili, ambayo wasanii huyachora upya kwa ajili ya filamu za zamani na za sasa, yakachapwa kwa mkono rangi moja baada ya nyingine, kila nakala ina namba yake, na mwisho wa namba umetangazwa. Nyumba ya Mondo ya Austin, Texas, ndiyo iliyoyapa umaarufu mkubwa, na nakala zake zilikuwa zikimalizika kwa dakika chache tu baada ya kutolewa. Mikono ya wachoraji hao ni hodari, na baadhi yao wameifahamu filamu kuliko wale waliolipwa kuitangaza mara ya kwanza. Walakini moyo wangu hauyaelekei. Ni mabango ambayo hayajapata kumwita mtu. Hayakusimama mvuani, hayakuvunja ahadi kwa kuwa hayakuahidi, na uadimu wake umepangwa kabla wino haujakauka, jambo ambalo naliona sawa na kuzaa mtoto mmoja ili urithi usigawanyike. Nayatenga na yale ya Poland, ambako baada ya vita vya pili vya dunia wachoraji kama Henryk Tomaszewski, wakilifanyia kazi shirika la filamu la dola lisilolazimika kugombea wateja, walizichora filamu za kigeni kwa fikra zao wenyewe pasipo kuuza uso wa mwigizaji. Na yale ya Kuba, ya taasisi ya filamu ya ICAIC iliyoundwa 1959. Hayo nayo yalikuwa badala ya mabango ya wenye filamu, lakini yalikwenda ukutani, yakanyeshewa, yakapita, na makumbusho ya mabango yaliyofunguliwa Wilanów, Warsaw, 1968, yalikuja kupokea vitu vilivyokwisha kuitumikia barabara.

Uko mzozo mmoja baina ya wakusanyaji ambao wengi hudhani ni wa ufundi tu: bango lenye matundu ya misumari, mikunjo na kona iliyochanika, ligandishwe juu ya kitambaa cha kitani, lisafishwe, na mapengo yake yapakwe rangi hata jicho lisiyatambue, au liachwe lilivyo? Wachuuzi hupendelea njia ya kwanza, kwa sababu bei hupanda, na wanunuzi nao hupenda kuletewa kitu kilichopita duniani bila kuguswa na dunia. Mimi nasema tundu la msumari ndiyo sehemu ya pekee ya bango isiyosema uongo. Mchoro ulitungwa na watu ambao hawakujua kama Vwawa ipo. Tundu lilitobolewa hapa, na kijana wa kibandani aliyepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kwa tundu hilo karatasi ya mbali ilipata kuwa kitu cha mahali fulani. Kulijaza ni kufuta maandishi mafupi ya mwenyeji ili maneno marefu ya mgeni yasomeke vizuri. Kulizuia bango lisizidi kuchanika ni jambo jingine, na hilo ni wajibu.

Filamu za Kiswahili zilipoanza kuuzwa kwa wingi katika miaka ya 2000, mabango yake ya karatasi ya kung'aa yalienea katika maktaba za kukodisha kanda na diski mpaka Tunduma mpakani, yamejaa nyuso nyingi kiasi cha mtu kutojua kisa ni cha nani, na hakuna aliyeyahesabu kuwa sanaa. Hata sasa wasomi wachache ndio wanaoyasogelea bila kutabasamu. Tarehe 7 Aprili 2012 mwigizaji Steven Kanumba alifariki Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 28, na uso wake ukaendelea kuning'inia milangoni mwa maktaba hizo, ukitualika kama kawaida. Itikadi yetu ya kibandani ilipata hapo mtihani ambao haikujiandaa nao. Steringi amekufa, na bango halina habari. Linaahidi bado, kwa tabasamu lile lile, jambo ambalo aliyeahidi hawezi tena kuliongeza. Wako waliolibandua kwa uchungu, na wako waliokataa kulibandua kwa uchungu ule ule. Bango lile liliacha kudai na likaanza kushuhudia siku moja, bila kungoja miaka ilipitie, na waliolitunza hawakulitunza kwa kutumaini bei, wala kwa kukana mauti, ambayo yalikuwa yametangazwa katika kila redio. Walilitunza kwa sababu mkono ulikataa kufanya kazi ya kuchana. Nikitakiwa nionyeshe uhifadhi usio na ila, nitawaonyesha hao, ambao mpaka leo hawajui kwamba wanaitwa wakusanyaji.

Imebaki hukumu. Mali ya dunia, kwa mafundisho yaliyotulea sisi sote, wa msikitini na wa kanisani, ni amana mikononi mwa aliyeishika, na mwenye amana huulizwa mambo mawili, ameilindaje na amemnyima nani. Mkusanyaji hujiandaa kwa swali la kwanza kwa ufundi wa kutisha, akijua unyevu wa chumba na tindikali ya karatasi. La pili humkuta hana jibu. Sheria ya wakfu yaweza kumsaidia, maana mafakihi wa Kishafii, ambao Waislamu wa mwambao wetu huwafuata, huruhusu kuweka wakfu hata kitu kihamishikacho, mradi watu wanufaike nacho na chenyewe kibaki. Ndiyo sababu kitabu huwekwa wakfu na mkate hauwekwi, kwa kuwa manufaa ya mkate ni kuliwa kwake. Bango katika wiki yake liko upande wa mkate, na kulificha wakati huo ni kuwanyima watu habari yao na mwenye kibanda riziki yake. Likisha kupitwa na siku yake limehamia upande wa kitabu, kwa kuwa kulitazama hakulipunguzi, na hapo aliyelifungia peke yake ndiye mwenye kosa.

Kwa hiyo nimeandika, kuhusu sanduku la bati lenye mabango machache ya zamani zile, masharti kwa watakaonirithi: yasiuzwe moja moja, yapewe shule au ukumbi wowote wa Vwawa utakaokubali kuyatundika mahali ambapo jua haliyapigi lakini watu wanafika, matundu yasijazwe, kiingilio kisitozwe. Na kwa kuwa yamo mawili ya Commando, yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa moja limeliwa kona na mchwa, akitokea mtoto mwenye daftari lisilo na jalada, apewe lile zima.